Kuketi na Mwenye Huzuni

Mwaka 1888 kijana mmoja, umri wake miaka 22 hivi, alitoka pwani kwa miguu pamoja na msafara wa Wamisionari wa Afrika waliokuwa wakienda bara. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu. Akaibwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata mapadre wakamkomboa katika nchi ya Aljeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista hapo hata alipofariki dunia mwaka 1956.

Wasomaji wapenzi, yafaa tufikiri walikuwa akina nani waliomjia. Njia ile kuu ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, lakini kwa ujira wake. Mtumwa alipita amefungwa shingoni. Watoto waliokombolewa walilelewa misheni, Kipalapala karibu na Tabora, na Karema pia. Atiman alipomwinamia mtoto wa namna hiyo, hakuhitaji kuelezwa utumwa ni nini.

Hata hivyo hapa pana hatari. Mtu aliyeumia ni mwepesi kudhani kwamba jeraha lake ni sawa na la mwenzake. Husema, “Hata mimi nilifiwa,” kisha huanza kusimulia habari zake, na mfiwa hana budi kumfariji mfariji. Sisi wenyewe tumekosa karibu na hivyo. Zamani tulimwendea mjane mmoja, tukamweleza kwa saa nzima mapenzi ya Mungu. Tuliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Alitushukuru, akatuletea chai. Jina la marehemu mumewe hakulitamka hata mara moja, maana hatukumpa nafasi. Bwana wetu, njiani kwenda Emau, aliyajua yote, na bado aliwauliza wale wawili walikuwa wakizungumza nini, akawaacha waseme mpaka mwisho.

Tangu siku ile twaketi na mwenye huzuni mahali pasipo masikio ya watu, chini ya mwembe ikiwezekana, si sebuleni mbele ya wajomba na mashangazi. Twauliza neno moja, kisha twanyamaza. Akinyamaza naye, twanyamaza pamoja. Asiyesema leo pengine atasema siku ya tatu, nasi yatupasa kurudi siku hiyo kama tulivyoahidi. Atakayotuambia hayatoki, hata kwa mama yake mzazi, isipokuwa uhai ukiwa hatarini.

Akikiri kwamba alikwenda kwa mganga wa kienyeji, hatumkemei. Atiman mwenyewe alizichunguza dawa za miti za wenyeji wa Karema, akazitumia zilizofaa pamoja na elimu yake ya Malta. Twamwuliza alipewa dawa gani, na aliambiwa ni nani aliyemdhuru; kwa maana mara nyingi nyumba imekwisha kugawanyika kwa sababu ya jina moja lililotajwa.

Ziko huzuni zinazopita uwezo wetu. Asiyelala siku nyingi, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, huyo ni wa kupelekwa hospitali, tena mapema. Mirembe, kule Dodoma, ipo tangu mwaka 1927, nasi twasikitika kwamba watu wamelifanya jina lake kuwa tusi. Rozari na dawa hazigombani.

Na yule asemaye heri afe, wazazi msingoje kupima kama ni mzaha. Mwulizeni waziwazi kama anakusudia kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ziondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa tumbaku na pamba, na usiku huo mmoja wenu alale chumbani mwake, hata asubuhi mtakapomfikisha kwa daktari.