Ramadhani, Siku ya 12: Mtoto Akiuliza



Juzi saa kumi jioni, njaa imeshika, mwanangu wa miaka mitano akaniuliza: "Baba, Mwenyezi Mungu naye anafunga?" Nikamjibu, "Hebu niache, nimefunga." Akaondoka. Baada ya futari nikamwita: "Uliniuliza nini vile?" Akasema, "Nimesahau." Hajasahau, jamani. Namjua mwanangu.

Watoto wa watu madrasa nawajibu kwa subira, wangu nikamfukuza, tena kwa kisingizio cha swaumu!

Anas (r.a.) ametusimulia habari za mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari zake. Kindege tu! Na anayeuliza ana umma mzima mabegani. Luqman naye, kumweleza mwanawe ujuzi wa Allah, alitaja punje ya hardali ndani ya jabali. Punje mtoto anaijua.

Basi swali lisilo na jibu kwako, sema "sijui, tutamuuliza ustadhi." Si aibu. Ila usimkaripie, maana kesho atamuuliza mwingine, na huyo humjui.

Jana wakati wa daku nikamwambia mwanangu: Allah hali wala hanywi, Yeye ndiye anayetulisha. Akafikiri. "Na paka wetu?" Naye pia. "Mbona basi mama ndiye anampa dagaa?"

Hapo tulikaa mpaka adhana.