Begi la Hija: Ubebe Nini, Uache Nini?



Msimu wa hija umefika, na simu yangu imejaa swali moja: "Frateri, tubebe nini?" Linaonekana swali dogo, la begi tu. Lakini mimi limenifundisha jambo ambalo miaka yote ya falsafa haikunifundisha, na nililipata kwa aibu. Ngoja niwasimulie kwanza, halafu tuingie kwenye somo.

Orodha niliyoiandika mimi

Mwaka wangu wa kwanza kuwasaidia vijana hapa Migato tulipanga hija ya miguu ya siku tatu kuelekea Bariadi, tukilala njiani. Nikapewa kazi ya kuandika orodha ya vifaa. Nikaingia mtandaoni, nikasoma kurasa za wapanda milima wa Ulaya, nikaandika: begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, buti za mlimani, hema, mfuko wa kulalia, koti la mvua, tochi ya kichwani. Nikaibandika mlangoni pa kanisa. Nikajiona mtaalamu.

Jumapili iliyofuata dada mmoja wa kwaya, mtu asiyekosa mazoezi wala jumuiya, akanifuata baada ya Misa. Akasema taratibu, "Frateri, mwaka huu mimi siendi. Nina kanga mbili na katambuga tu."

Sikumjibu la maana. Nilisema, "Tutaona." Hatukuona. Tuliondoka bila yeye.

Na mimi mwenye buti mpya? Kabla ya saa sita mchana siku ya kwanza nilikuwa na malengelenge miguu yote miwili. Begi langu lilikuwa na suruali nne, vitabu vitatu na blanketi la bweni. Siku ya pili nilikuwa nachechemea nyuma ya wote, mpaka mzee mmoja katekista, aliyevaa katambuga, akasimama kunisubiri. "Lete hilo begi, Frateri." Yeye mzigo wake wote ulikuwa kwenye sandarusi moja: shuka, Biblia, dumu la maji na michembe. Alibeba wake na wangu. Nilitembea nyuma yake nikitazama zile katambuga, na nikamkumbuka yule dada. Alikuwa na kila kilichohitajika. Aliyemzuia ni karatasi yangu.

Yesu alisema nini kuhusu begi?

Fungua Marko 6:8-9. Yesu anawatuma Thenashara, na anazungumzia vifaa waziwazi: wachukue fimbo na wavae viatu, lakini wasibebe mkate, mkoba, fedha wala kanzu ya pili. Sasa linganisha na Mathayo 10:9-10 na Luka 9:3. Utaona tofauti: huko hata fimbo inakatazwa. Usihangaike sana. Tazama wanachokubaliana wote watatu: mkoba, fedha na kanzu ya pili vibaki. Yaani vile vitu vinavyomfanya mtu asihitaji kubisha hodi kwa mwenzake. Mtume alitakiwa afike kwa watu akiwa anawahitaji.

Je, maana yake vifaa ni dhambi? Hapana. Soma Luka 22:35-36. Yesu huyohuyo anawauliza kama walipungukiwa na kitu safari ile, wanajibu hapana. Kisha anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba vilevile. Safari zinatofautiana. Na katika 1 Wafalme 19, Eliya alipochoka kabisa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu anajua kwamba miguu ni miguu.

Kanuni tatu za kufunga begi

1. Kifaa ni njia, lengo liko mbele. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kwamba vitu tuvitumie kwa kadiri vinavyotusaidia kufikia lengo tuliloumbiwa, na tuviache kwa kadiri vinavyotuzuia. Kwa hiyo shika kila kitu mkononi ujiulize: hiki kinanisaidia kufika na kusali, au ninakibeba kwa hofu? Au kwa sababu nataka nionekane? Vitabu vyangu vitatu, kusema kweli, vilikuwa vya kuonekana. Sikufungua hata kimoja.

Kipimo rahisi: mahujaji wengi wa miguu, kama wale wa Santiago de Compostela kule Hispania, hulenga mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Una kilo 60? Begi liwe kilo 6, maji yakiwemo. Na kumbuka lita moja ya maji ni kilo nzima. Msimu wa pamba mizani haikosekani kijijini, pima.

2. Beba ulichokijaribu. 1 Samweli 17:38-40: Sauli anamvika Daudi kofia ya shaba na deraya. Vifaa vya mfalme! Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anavivua, kwa sababu hajavizoea. Anarudi kwenye fimbo yake, kombeo lake na mawe matano. Buti zangu zilikuwa deraya ya Sauli. Kiatu bora cha hija ni kile ambacho mguu wako umeshakijua. Kama ni raba, itembelee wiki kadhaa kabla. Kama ni katambuga, nenda nazo, ila kagua mikanda na misumari. Begi pia: lipakie, tembea nalo mpaka kisimani na kurudi. Litakuambia lenyewe cha kutoa.

3. Tenganisha mzigo wangu na mzigo wetu. Wagalatia 6 ina kitu cha ajabu. Aya ya 2 inasema tuchukuliane mizigo. Aya ya 5 inasema kila mmoja atauchukua wake. Paulo kajichanganya? Hapana. Kuna mzigo wa mtu na kuna mzigo wa kundi. Maji yako, shuka lako, viatu vyako: hivyo ni vyako. Lakini sufuria, turubai, dawa na tochi kubwa havihitajiki kwa kila mtu. Watu wanane wanatosha kwa turubai moja kubwa na sufuria moja, wakipokezana kubeba.

Sasa, begi lenyewe

- *Begi:* la mtumba linatosha. Angalia mikanda ya mabegani iwe mipana na mshono usiwe umeachia. Vizito viweke karibu na mgongo. Huna begi? Sandarusi yenye kamba mbili pana inabebeka.
- *Miguu:* soksi jozi mbili, moja ikivaliwa nyingine inakauka. Ukisikia tu joto mahali fulani kwenye mguu, simama ubandike plasta hapohapo. Usisubiri lengelenge. Na mbugani uangalie nyufa za udongo mweusi wakati wa kiangazi, zinateguza kifundo.
- *Maji:* anza na lita mbili. Ya njiani yachemshwe au yawekwe vidonge vya kutibu maji.
- *Chakula:* Wasukuma tulishatatua hili zamani. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Vyepesi, haviozi upesi, huhitaji moto. Ongeza karanga.
- *Kulala:* mkeka au turubai chini, shuka zito juu, chandarua. Usiku wa Juni na Julai una baridi, usidanganyike na jua la mchana. Kanga ni mto, ni taulo, ni kivuli.
- *Dawa za kundi:* plasta, bandeji, dawa ya maumivu, sukari na chumvi. Anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akizidiwa, apelekwe zahanati, hija itamsubiri.
- *Barabarani:* filimbi, tochi, na koti la kuakisi mwanga kwa wa mbele na wa mwisho.
- *Roho:* rozari, Agano Jipya dogo. Inatosha.

Walioenda bila begi

Kila tarehe 3 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo, Uganda, na baadhi hufika kwa miguu baada ya siku nyingi, wengine wakitoka hata hapa Tanzania. Karoli Lwanga na wenzake waliifanya safari ile mwaka 1886 wakitokea Munyonyo, wakiwa wamefungwa. Kizito alikuwa kijana mdogo, wa miaka kama 14. Hawakubeba kitu. Walibebana wao kwa wao, kwa kutiana moyo.

Mwaka uliofuata niliandika orodha mpya. Mstari wa kwanza ulisema: "Njoo na ulichonacho, kilichopungua tutakitafuta pamoja." Nikaenda nyumbani kwao yule dada kumpelekea mwenyewe. Mama yake akaniambia ameshahama, ameenda mjini kutafuta kazi. Nilirudi na karatasi yangu mkononi.

Kwa hiyo nakuomba: kabla hujafunga begi lako, waza ni nani katika jumuiya yako anakaa kimya kwa sababu hana. Mfuate wiki hii, usimwambie "tutaona".

Tujiulize

1. Ni kitu gani nakibeba kwa hofu au kwa kuonekana?
2. Ni deraya ya nani nimevaa, isiyo yangu?
3. Nani amebaki nyuma kwa sababu ya orodha zetu?

Tusali: Ee Bwana, uliyetembea kwa miguu vijiji vya Galilaya, tufundishe kubeba kinachotosha na kuachia kinachotulemea. Utupe macho ya kumwona mwenzetu asiye na begi, na mabega ya kumsaidia. Watakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Amina.

Tukutane njiani.