Kichwa Kinauma Upande Mmoja, Kisha Malengelenge: Usichelewe

Maumivu makali ya kichwa yanayokaa upande mmoja mara nyingi hudhaniwa kuwa kipandauso. Mgonjwa humeza dawa ya kutuliza maumivu na kulala. Lakini malengelenge yakitokea kwenye paji la uso siku chache baadaye, upande ule ule, huenda ni mkanda wa jeshi. Wengi huujua ukiwa kifuani au kiunoni. Ukiwa usoni, unaweza kupofusha jicho.

Chanzo
Mkanda wa jeshi hutokana na virusi vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, virusi hivyo hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua kwa sababu ya uzee, virusi vya Ukimwi au matibabu ya saratani, huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu hutangulia malengelenge, nayo kwa kawaida hayavuki katikati ya uso. Si uchawi, wala si mkojo wa mdudu.

Dalili za kuangalia
• Ngozi ya kichwa kuchoma au kuuma hata ikiguswa na kitana.
• Malengelenge yenye maji kwenye paji la uso, ukope au ndani ya nywele.
• Malengelenge kwenye ncha ya pua. Hili ni onyo kwamba jicho huenda limeathirika.
• Jicho kuwa jekundu, kuuma au kuona ukungu.

La kufanya
Fika kituo cha afya mara moja. Dawa za kupambana na virusi hivi hufanya kazi vyema zikianzwa ndani ya saa 72 baada ya malengelenge kutokea. Usiyapasue, usipake majivu wala dawa ya meno, na usitie jichoni dawa ambayo hukuandikiwa. Kubali kupimwa virusi vya Ukimwi ukishauriwa. Hadi vidonda vikauke, jitenge na watoto wachanga, na pia wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga.

Dharura
Kichwa kikiuma pamoja na homa, shingo kukakamaa na madoa yasiyofifia yakibonyezwa kwa glasi, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Kwa ngozi nyeusi, kagua viganja, nyayo na ndani ya kope. Usisubiri madoa yaonekane. Mkimbize mgonjwa hospitalini.