Utunzaji wa Betri za Kompyuta Mpakato Shuleni

Wanachuo wanaorejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha hutuletea malalamiko ya namna moja: shule ina kompyuta mpakato moja au mbili, nazo hazikai na chaji hata kwa muda wa kipindi kimoja. Mwalimu hulazimika kuifanyia kazi ikiwa imechomekwa kwenye soketi, na umeme unapokatika, mtihani aliokuwa akiuchapa hupotea. Mara nyingi kompyuta yenyewe haina ubaya wowote. Kilichochakaa ni betri, na aghalabu imechakazwa na watu waliodhani kwamba wanaitunza.

Hatuna budi kukiri kwamba kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe. Chuoni kwetu kulikuwa na kompyuta mpakato kumi. Kabla ya likizo moja ndefu sisi wakufunzi tuliwaagiza wanachuo wazitumie mpaka zizimike zenyewe, kisha tukazifungia katika kabati la chuma lililopigwa na jua la alasiri. Tuliamini kwamba betri iliyomalizwa kabisa hupumzika. Tulipolifungua kabati baada ya majuma manane, betri tatu zilikataa kupokea chaji, na ya nne ilikuwa imevimba hata ikaiinua kibodi. Katika wanachuo wote hapakuwa na hata mmoja aliyetuuliza sababu ya agizo lile, wala sisi hatukuwa nayo. Tulilipokea kwa waliotutangulia tukaligawa kama tulivyolipokea, na muhula uliofuata lingefika shuleni vivyo hivyo.

Agizo lenyewe lilikuwa na asili ya kweli. Betri za nikeli na kadimiamu, zilizotumika zamani katika vifaa vingi vya kubebwa, ziliweza kupungukiwa uwezo zikichajiwa tena na tena kabla ya kuisha. Kwa hiyo watumiaji walishauriwa wazimalize kwanza. Lakini betri za kompyuta za leo ni za ioni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyowezesha kutengenezwa kwake. Hizi hazihitaji kumalizwa ndipo zichajiwe. Betri ilibadilika, shauri likabaki.

Mwanachuo akielewa kinachotendeka ndani ya betri, hatahitaji kukariri masharti. Kila seli ina pande mbili, chanya na hasi, zilizotenganishwa, na katikati yake mna kiowevu. Tunapochaji, ioni za lithiamu huhama kutoka upande wa chanya na kwenda kujipanga katika matabaka ya grafiti yaliyo upande wa hasi. Tunapoitumia kompyuta hurudi zilikotoka. Katika safari hizo ioni chache hunaswa kwenye utando mwembamba unaoifunika grafiti, wala hazirudi tena. Huko ndiko kuzeeka kwa betri, na hakuna awezaye kukuzuia kabisa. Hata hivyo, mambo mawili huharakisha sana uzee huo: joto, na kukaa siku nyingi betri ikiwa imejaa pomoni. Yakikutana yote mawili, kama kwa kompyuta iliyochomekwa mchana kutwa juu ya godoro, madhara huongezeka. Jambo la tatu ni kinyume cha kujaa. Betri iliyoisha na kuachwa hivyo huendelea kupoteza umeme kidogo kidogo, hata volti za seli zikashuka chini ya kiwango cha usalama, na hapo mtambo mdogo wa ulinzi uliomo ndani yake huizuia isichajiwe. Ndiyo habari ya zile zetu tatu.

Kwa kazi za kila siku, basi, ni vyema kuchaji betri ikifika kama asilimia 20, na kuichomoa ikikaribia asilimia 80. Kompyuta nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kusimamisha chaji katika kiwango hicho. Mwalimu autafute na kuuwasha. Wako wanaoogopa kwamba kompyuta iliyoachwa kwenye soketi hujazwa kupita kiasi. Sivyo, kwa kuwa chaji husimama yenyewe. Kinachoidhuru ni kule kukaa imejaa na yenye joto. Wala hatusemi kwamba mwalimu wa shule ambako umeme hukatika kila mara asijaze betri yake. Aijaze asubuhi ya siku anayoihitaji, aitumie. Wakati wa likizo aiache na chaji ya nusu hivi, aizime kabisa badala ya kuilaza tu, na aiweke mahali penye kivuli na hewa. Yote haya yanahusu pia vishikwambi ambavyo walimu walipewa baada ya Sensa ya mwaka 2022.

Betri iliyovimba ni jambo jingine. Isichajiwe, isikandamizwe, isitobolewe; ipelekwe kwa fundi. Tunasisitiza hili kwa sababu shule zetu nyingi huchoma taka shimoni, na watoto hupenda kuzunguka moto huo. Betri ya lithiamu ikitupwa motoni hulipuka.

Sasa tuingie darasani, kwa kuwa betri hiyo hiyo ni zana nzuri ya somo la Hisabati. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Tuseme betri ina wati-saa 48, na kompyuta inatumia wati 12: itadumu saa 4. Mwalimu akipunguza mwangaza wa kioo, ambacho ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme, na kufunga programu asizozihitaji, matumizi yakashuka hadi wati 8, betri ile ile itadumu saa 6. Wanafunzi wapate jibu wenyewe kabla ya kuambiwa. Kisha waulizwe: ikiwa betri hiyo imezeeka, na sasa hupokea wati-saa 36 tu, imebakiwa na asilimia ngapi ya uwezo wake wa awali? Watafika kwenye 75, na watakuwa wamefanya asilimia bila ya kuuziwa maembe na machungwa ya kubuni.

Tarakimu za kweli zinapatikana. Katika kompyuta zinazotumia Windows, mwalimu afungue dirisha la kuandikia amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue faili ambalo mahali pake patatajwa. Humo ataona uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa, kwa sehemu za elfu moja za wati-saa. Wanafunzi wagawe kwa 1,000 kwanza. Darasa liandike tarakimu hizo mbili pamoja na tarehe kwenye karatasi, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la vifaa, na kipimo kirudiwe mwanzoni mwa kila muhula. Sisi tumebandika ya kwetu. Ina safu sita.