Kufundisha Taalimungu Mtandaoni: Tujifunze kwa Mtume Paulo



Katekista wa kigangoni, mwenye familia na shamba, hawezi kuacha vyote akakae chuoni miaka mitatu. Je, abaki bila taalimungu? Masomo ya mtandaoni yanamfungulia mlango. Wala kufundisha kwa mbali si jambo geni: Paulo aliwafundisha Warumi kwa barua kabla hajafika kwao.

Kanuni za Katiba ya Kitume Veritatis Gaudium ya Papa Fransisko, iliyotangazwa mwaka 2018, zinaruhusu sehemu ya masomo ya vitivo vya Kanisa kutolewa kwa masafa. Tuzingatie neno “sehemu”. Malezi ya padre yana nyanja nne: kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji. Mtandao hubeba mengi ya kiakili. Lakini uvumilivu tunajifunza kwa kuishi bwenini na ndugu anayetuudhi, na kwa kuonywa na mlezi anayetufahamu.

Paulo alilijua hilo. Katika barua hiyohiyo anaeleza hamu yake ya kuwaona (Rum 1:11), tena anamtambulisha kwao Foibe wa Kenkrea (Rum 16:1-2). Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba ndiye aliyeipeleka. Barua ilifika pamoja na mtu.

Basi, parokia ikimwandikisha katekista kozi ya mtandaoni, isiishie kumnunulia bando. Impatie mtu wa kujadiliana naye kila juma: padre, mtawa, au sisi mafrateri tukiwa likizo.

Swali la kutafakari: Parokiani kwetu, ni nani anayesoma peke yake?