Anataka Kushindana, Si Kupewa Unga

*Shangazi, nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Mdogo wangu anaishi Mbita, kaunti ya Homa Bay. Alikuwa mvuvi hadi alipokatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Niliona kwenye simu watu wa Uskochi wakirusha mawe wakiwa wameketi katika michezo yao ya jadi, nikaamua kufadhili wanamichezo wenye ulemavu kwenye tamasha la kitamaduni la kwao. Kamati inataka nilipie hema na fulana, kisha wenye ulemavu waitwe jukwaani wapewe unga na blanketi. Mdogo wangu amesema hivyo hakanyagi. Mke wangu naye ananiuliza kama natafuta kura. Nifanyeje? – Mfadhili, Migori*

Mwanangu, fadhili, lakini usifuate mpango huo wa kamati. Mdogo wako amekwisha kukuonyesha kasoro yake. Anayeshindana huitwa mstarini, hupimwa, hushinda au hushindwa, na jina lake huandikwa kwenye matokeo kama la mwingine yeyote. Unga ni msaada mwema kwa mwenye njaa, naye anaweza kupelekewa nyumbani kwake kimya kimya. Ukigawa unga mbele ya umati mahali palipostahili kuwa na mchezo, unamwambia mtu kwamba hukutarajia lolote kutoka kwake.

Wale uliowaona Uskochi wanacheza mchezo uleule wa jadi; kilichobadilika hasa ni namna ya kukaa. Hapa kwetu pia yapo ya kuanzia. Waluo na Wasuba wana mieleka, kuvuta kamba, ajua (yaani bao) na mbio za mashua, na Tamasha la Rusinga hufanyika kila Desemba hapo hapo karibu na Mbita. Ajua haihitaji hata kubadilishwa, maana asiyeona huhesabu kete kwa vidole. Kamba nayo huvutwa na watu walioketi chini, miguu ikiwa na gogo la kukanyagia au bila.

Lakini mdogo wako ni mtu wa ziwa, kwa hiyo mfikirie majini kwanza. Asiya Mohammed wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili akiwa mtoto mdogo kwa ajali ya treni, na bado akawa Mkenya wa kwanza kushindana kupiga makasia katika Paralimpiki, kwenye michezo ya Tokyo. Mashua za daraja lake huwa na kiti chenye egemeo na maboya ubavuni ili zisipinduke. Fundi wa mashua wa Mbita au Sori akielezwa vizuri anaweza kutengeneza kitu cha namna hiyo. Jambo moja usilipuuze: mkanda unaomshika mpiga makasia lazima ufunguke kwa mvuto mmoja wa mkono. Kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, na mashua ya waokoaji iwe majini kabla ya mbio kuanza. Nisingependa kusikia habari nyingine ya mtu kuzama katika ziwa hilo.

Kwa nchi kavu, mwambie fundi wa jua kali aunde kiti cha kurushia tufe na mkuki. Kimo chake pamoja na mto kisizidi sentimita 75, hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa, na kifungwe ardhini kwa kamba imara ili kisisogee. Asiyeona anahitaji mwongozaji, na mwongozaji naye anahitaji mazoezi na nauli. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, kwenye mbio za mita 5,000, mwongozaji wa Henry Wanyoike aliishiwa nguvu, na Wanyoike asiyeona ndiye aliyemkokota hadi mwisho na kupata dhahabu. Wanafunzi wa shule za viziwi za Kuja, Migori, na Lambwe, Homa Bay, wao watahitaji bendera ya kuanzisha mbio mahali pa filimbi. Wala msiwachanganye wote katika shindano moja. Samson Ojuka alipopata fedha ya kuruka chini Paris 2024, medali pekee ya Kenya mwaka huo, alishindana na wenzake wa daraja la T37. Mchezo usio na madaraja humpa ushindi mwenye ulemavu mdogo zaidi, na wengine hawatarudi mwakani.

Unaona basi pesa zako ziende wapi. Nyingi zitumike miezi ya kabla ya tamasha: kiti, kasia, mwongozaji, na nauli ya mtu mwenye kiti cha magurudumu ambaye makanga humtoza mara mbili. Zawadi ya mshindi ilingane na ya mbio nyingine. Mshika kipaza sauti aambiwe mapema kwamba Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na vichekesho vyake avipeleke kwingine.

Kamati ikisema washiriki ni wachache mno, waambie kwamba Julai 29, 1948, daktari Ludwig Guttmann alianza na watu 16 waliojeruhiwa vitani, wakilenga shabaha kwa upinde katika uwanja wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Paralimpiki ilitoka hapo.

Swali la mke wako ni la haki, na usimkasirikie. Jina la duka likae kwenye bango pamoja na wafadhili wengine, lisiwe kifuani mwa wanamichezo, na mtu asipigwe picha bila kuridhia. Hotuba usitoe.

Kisha omba kwa barua kwamba mdogo wako na wenzake wawe na viti ndani ya kamati, na mashindano yao yawe kwenye ratiba kuu saa ambayo uwanja umejaa. Wakikataa, zuia pesa za hema. Nenda Mbita ukakae na mdogo wako, umuulize anataka kupiga kasia au kurusha tufe, na mazoezi yaanze bila kamati.