Tupange Matembezi ya Sikukuu: Kutoka Shamba hadi Kariakoo

Sikukuu ikikaribia, nyumba nyingi za shamba huwa na neno moja tu. Watoto wanataka kwenda mjini. Wanataka kuvaa nguo mpya, kupanda pembea za Kariakoo na kula aiskrimu Mnazi Mmoja.

Hilo si jambo baya hata kidogo. Mtu anahitaji kazi, na anahitaji pia kupumzika pamoja na watu wake. Mtoto aliyetembezwa na wazazi wake huikumbuka siku ile mpaka ukubwani.

Lakini mjini siku za sikukuu kuna mambo matatu ya kuangalia: pesa, watu wengi, na gari la kurudi. Wapo wanaokwenda na furaha wakarudi na deni. Wapo wanaomtafuta mtoto mpaka usiku. Wapo wanaobaki kituoni na bibi mzee na watoto wenye usingizi, nauli imekwisha.

Katika somo hili tutajifunza kupanga matembezi ya siku moja. Tutatumia kalamu, karatasi na hesabu. Tulisoma darasani ili tupate kutumia. Kisomo kisichotumika husahaulika.

1. TUNAKWENDA WAPI?

Kwanza tuyajue mahali penyewe.

MNAZI MMOJA ni uwanja mpana ulio kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hapa ndipo watoto wa mjini na wa shamba hukutana wakati wa Idi. Kwetu Zanzibar sikukuu husherehekewa siku nne, na jioni za siku hizo uwanja hujaa wauza vyakula na vitu vya kuchezea.

KARIAKOO iko Ng'ambo. Jina hili lina historia. Kama Kariakoo ya Dar es Salaam, linatokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Leo mahali hapa panajulikana kwa kiwanja cha kufurahishia watoto, chenye pembea na mashine za kuzunguka. Kiwanja hiki kiko chini ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

FORODHANI ni bustani iliyo ufukweni, mbele ya Ngome Kongwe. Ilitengenezwa mwaka 1935. Baadaye ilichakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Jioni wauzaji huwasha taa na kupanga meza zao: mishkaki, pweza, samaki, urojo na maji ya miwa.

NGOME KONGWE ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Karibu yake kuna Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo tukiona uzio au kibao cha kukataza, pale mjini au popote pengine, tusipite. Kibao kimewekwa kwa ajili yetu.

2. MASHINE HIZI ZIMETOKA WAPI?

Watoto watauliza, na mzazi aliyesoma awe na jibu.

Viwanja vya michezo ya namna hii viko nchi nyingi. Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, kiko kiwanja kiitwacho Tivoli kilichofunguliwa mwaka 1843. Huko Marekani, Walt Disney alifungua kiwanja kikubwa kiitwacho Disneyland mwaka 1955.

Na lile gurudumu kubwa linalopandisha watu juu? Fundi Mmarekani, George Ferris, alijenga gurudumu lililosifika sana kwa ajili ya maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Lilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 80 kwenda juu. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kilichukua watu 60. Lilichukua watu wangapi kwa mara moja? Tuweke hesabu hiyo kwa zoezi la mwisho.

3. TUANZE NA NAULI YA KURUDI

Sasa tushike kalamu. Tuseme jamaa moja ya Makunduchi inataka kwenda mjini. Wako sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Bei tutakazoandika ni za mfano tu. Kila mtu aulize bei za kweli kabla ya siku yenyewe, maana bei hubadilika.

Watu wengi huanza hesabu kwa michezo na chakula. Sisi tuanze na nauli, tena nauli ya kurudi. Pesa hiyo ifungwe peke yake, kwenye bahasha au pindo la khanga, na isiguswe mpaka tumo garini kurudi.

Nauli ya mtu mzima: shilingi 3,000. Nauli ya mtoto: shilingi 1,500.

Kurudi, wakubwa 3: 9,000
Kurudi, watoto 3: 4,500
Kwenda, wakubwa 3: 9,000
Kwenda, watoto 3: 4,500
Kiingilio, watu 6 kwa 1,000: 6,000
Michezo, watoto 3, kila mmoja mara 3 kwa 1,000: 9,000
Maji na vinywaji: 3,000
Akiba ya dharura: 5,000
JUMLA: 50,000

Tazameni hesabu hii vizuri. Nauli peke yake ni shilingi 27,000, zaidi ya nusu ya pesa zote. Michezo ni 9,000 tu. Kwa hiyo asiyehesabu nauli kwanza, hajahesabu kitu.

Chakula cha mchana hakimo. Tutapika nyumbani na kuchukua: mkate wa kumimina, viazi, maandazi, na chupa za maji. Chakula cha nyumbani kinatosha watu sita, na tunajua kimepikwaje.

Je, shilingi 50,000 zitatoka wapi? Tusikope kwa ajili ya matembezi. Tukianza kuweka wiki kumi kabla, ni shilingi 5,000 kila wiki. Kama mama analima mwani na baba anavua, kila mmoja anaweza kuweka 2,500. Tuandike kila tunachoweka kwenye daftari, na wote wawili tulione daftari hilo. Siri ya pesa ndani ya nyumba huleta ugomvi, hata kama pesa zenyewe ni za furaha.

Na kama tumepata 35,000 tu? Basi twende watu wachache, au tungoje. Tusiondoke nyumbani kwa kutegemea kumkuta mtu wa kutukopesha mjini.

4. SAA ZA SIKU HIYO

Baada ya pesa, tupange saa. Tuandike hivi:

Saa 1:30 asubuhi: kituoni.
Saa 4:00: Forodhani na Ngome Kongwe, kabla jua halijawa kali.
Saa 6:30 mchana: sala, chakula na kupumzika kivulini.
Saa 8:30: Kariakoo.
Saa 10:00: kumaliza michezo, sala ya alasiri.
Saa 10:30 jioni: kituoni kurudi.

Saa hizi nazo ni za mfano. Siku chache kabla, tuulize kiwanja kinafunguliwa saa ngapi. Siku nyingine watu huanza kuingia jioni tu.

Hapa pana jambo la kuamua mapema. Utamu wa Forodhani na wa Mnazi Mmoja uko jioni na usiku. Gari za shamba nazo haziondoki usiku kucha. Ukitaka mishkaki ya Forodhani na gari la kurudi, unaweza kukosa vyote viwili. Tuchague moja. Ama turudi mapema, ama tulale mjini kwa jamaa. Tukichagua kulala, tupeleke habari kabla, tusimfikie mtu mlangoni watu sita bila taarifa. Tuchukue na kitu cha shamba: muhogo, nazi au ndizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Asubuhi tunaposhuka, tumuulize utingo maswali mawili. "Jioni mnaondokea wapi? Gari la mwisho saa ngapi?" Tusidhani kwamba gari litatungoja pale pale liliposhusha. Tusome pia nambari kwenye gari. Makunduchi ni 310, Nungwi ni 116, Chwaka ni 206. Aliyejifunza kusoma nambari hapandi gari la watu wengine.

5. MTOTO ASIPOTEE

Hili ni kubwa kuliko pesa. Pesa hutafutwa tena.

(a) Kila mtu mzima apewe mtoto wake wa kumwangalia. Ikiwa watoto ni wa watu wote, huenda wasiangaliwe na mtu yeyote. Bibi mzee apewe mkubwa mwenye utulivu, asipewe yule mwepesi wa kukimbia.

(b) Tuandike karatasi ndogo: jina la mzazi, kijiji, na nambari ya simu. Tuitie ndani ya mfuko wa mtoto, isionekane kwa kila mtu. Kazi hii dakika tano tu, na kila aliyemaliza kisomo anaiweza.

(c) Tuchague mahali pa kukutania. Pawe pahali pasipohama, kama lango la kiwanja. Tusiseme "tukutane kwa yule muuza karanga," maana muuza karanga naye anatembea.

(d) Tumfundishe mtoto: ukipotea, usikimbie na usitoke nje ya lango. Simama. Mwambie askari, mfanyakazi wa kiwanja, au mama mwenye watoto.

(e) Tuhesabu watu kila tunapoondoka mahali: mmoja, wawili, watatu, mpaka sita. Watoto wataona mchezo, lakini ni ulinzi.

Pale Forodhani, vijana hupenda kujirusha baharini kutoka ukutani. Watoto wetu wataona na watatamani kuiga. Tusiwaache peke yao karibu na ukuta ule, hata kama wanajua kuogelea.

6. TUKIFIKA KWENYE MASHINE

Tusome kibao kabla ya kutoa pesa. Kibao kinaweza kusema bei, umri au kimo cha mtoto. Tuhesabu chenji pale pale.

Mtoto akae, afungwe mkanda, ashike kwa mikono miwili. Ncha za khanga, mitandio na kamba za nguo zifungwe vizuri, zisije zikanaswa na kitu kinachozunguka. Mashine haisimami mpaka isimame kabisa. Mtoto asishuke kabla.

Mtoto mwenye kuogopa asilazimishwe wala asichekwe. Kukaa chini na kutazama nako ni matembezi.

Mara tatu zikesha, hapana shaka mtatuliza: "Baba, bado mara moja tu!" Jibu lake lipo nyumbani, wiki moja kabla. Tuwaite watoto wakati wa kupanga. Tuwaonyeshe karatasi na tuwaambie kila mmoja ana mara tatu, achague mwenyewe. Mwenye pesa zake za mkono wa Idi anaweza kuongeza, nazo zikisha zimekwisha. Mtoto aliyeshiriki kupanga hulia kidogo kuliko aliyekatazwa tu.

Na mama je? Mara nyingi mama hukaa kivulini na vikapu kutwa nzima, kisha husema amekwenda mjini. Katika karatasi yetu tuandike pia zamu ya kushika vikapu. Baba ashike, mama atembee na wanawe.

7. TUKIRUDI

Kesho yake tukae tena na karatasi. Tuandike pembeni tulichotumia kweli. Wapi tulizidisha? Wapi tulibakisha? Zile 5,000 za dharura, kama hazikutumika, ziwe mwanzo wa akiba nyingine, labda za madaftari ya skuli. Karatasi hiyo tuiweke. Mwaka ujao hatutaanza na kukisia.

Ndugu wasomaji, matembezi mema si yale ya kutumia pesa nyingi. Ni yale ambayo watu sita waliotoka asubuhi wanarudi sita jioni, wamefurahi, na hapana anayewadai.

ZOEZI

1. Kwa nini nauli ya kurudi iandikwe kwanza?
2. Taja mahali pawili pafaapo kukutania mtu akipotea. Eleza sababu.
3. Shangazi anataka kuongeza watoto wake wawili. Kila mtoto atahitaji nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio na michezo mitatu. Tumia bei za somo hili. Zitahitajika shilingi ngapi zaidi?
4. Gurudumu la Chicago lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja watu 60. Lilichukua watu wangapi?
5. Kaa na watu wa nyumbani kwako. Andikeni mpango wenu wa siku moja: pesa, saa, na nani atamwangalia nani. Mwenye kusoma amsomee asiyejua.

Majibu: Swali la 3, shilingi 14,000. Swali la 4, watu 2,160.